Baron von der Decken, msafiri aliyewapa mbawakawa jina na makao

JINA la Baron Carl Claus von der Decken husikika kila siku katika mbuga za Tsavo, japo wengi wanaolitaja hawajui lilikotoka. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu anayerukaruka katika miti ya migunga aliitwa kwa jina la Mjerumani huyo. Lobelia ndefu zinazoota katika miteremko ya juu ya mlima Kilimanjaro zina jina lake pia, na hali kadhalika komba mmoja mweupe wa misitu ya magharibi mwa Madagascar.

Kisichofahamika sana ni kwamba msafiri huyo, aliyeuawa kando ya mto Juba mwaka 1865 akiwa na umri wa miaka 32, ndiye aliyewawezesha wataalamu wa Berlin kuandika mojawapo ya orodha kubwa za mwanzo za wadudu wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa wadudu hao walikuwamo mbawakawa wa samadi, yaani wale dundu wanaoonekana njiani wakivingirisha tonge la kinyesi cha ng'ombe au cha ndovu kwa miguu ya nyuma.

Maisha ya von der Decken yana funzo ambalo bado lina uzito katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia msitu wa Arabuko-Sokoke hadi pori lililo nyuma ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kumtambua kiumbe kwa jina ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua anaishi wapi hasa, katika udongo gani na chini ya miti ipi. Nusu hiyo ya pili ndiyo aliyoitumikia baron huyo hadi mauti yalipomkuta.

Kutoka jeshini hadi Zanzibar

Von der Decken alizaliwa tarehe 8 Agosti 1833 katika kijiji cha Kotzen, eneo la Brandenburg. Alitoka katika ukoo wa makabaila wenye mizizi katika ufalme wa Hanover, na kama vijana wengi wa tabaka lake, alielekezwa jeshini mapema. Alilitumikia jeshi la Hanover kwa takriban miaka kumi, kisha mwaka 1860 akajiuzulu.

Maisha ya kambi hayakumtosheleza. Mwaka 1858 alikuwa amekwisha kuzuru Algeria, na safari hiyo ilimwachia shauku kubwa ya kulijua bara la Afrika. Aidha, alikuwa na kitu ambacho wasafiri wengi wa zama zake hawakuwa nacho, nacho ni mali. Hakulazimika kupiga magoti mbele ya serikali wala chama chochote ili agharimiwe safari. Fedha alizirithi, na fedha hizo alizitumia atakavyo.

Aliyemwelekeza Afrika Mashariki ni Heinrich Barth, msafiri mashuhuri aliyekuwa amevuka jangwa la Sahara na kuishi Timbuktu. Kwa ushauri wa Barth, von der Decken alikusudia kwenda kuungana na Mjerumani mwingine, Albrecht Roscher, aliyekuwa akilitafuta ziwa Nyasa. Alipowasili Zanzibar mwaka 1860, habari alizozipata zilikuwa za msiba. Roscher alikuwa ameuawa karibu na ziwa hilo mwezi Machi mwaka huohuo.

Badala ya kurejea kwao, kijana huyo aliamua kuzifuata karatasi za marehemu ili kazi yake isipotee. Alielekea Kilwa, akaajiri wapagazi na kuingia bara. Safari hiyo haikufanikiwa. Alifika mahali palipoitwa Mesule, na hapo akalazimika kugeuka na kurudi pwani mikono mitupu. Hata hivyo, alikuwa amejifunza jambo ambalo halikumtoka tena: mtu akifa bila daftari lake kufika pwani, yote aliyoyaona hufa pamoja naye.

Theluji iliyobishaniwa

Enzi hizo mabishano makubwa yalikuwa yakiendelea Ulaya kuhusu mlima Kilimanjaro. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alikuwa ameuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848 na kutangaza kwamba kileleni pake palikuwa na theluji. Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima Kenya mwaka uliofuata na kutoa taarifa kama hiyo. Mjini London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliwakejeli wote wawili. Kwa maoni yake, theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Cooley hakuwa ameikanyaga Afrika Mashariki hata siku moja.

Von der Decken alitaka ushahidi wa macho na wa vipimo. Katikati ya mwaka 1861 aliondoka Mombasa pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia kijana wa Kiingereza aliyekuwa amehudumu katika msafara wa David Livingstone. Walivuka nyika ya Taru yenye uhaba wa maji, wakapita nchi ya Wataita na ziwa Jipe, kisha wakaingia kwa Wachagga. Walipoanza kupanda mlima, mvua kubwa iliwazuia, wakaishia kwenye urefu wa takriban mita 2,500. Hata hivyo, walikuwa wameupima mlima kutoka pande kadhaa, na hesabu zao hazikuwa mbali sana na urefu unaokubalika leo wa mita 5,895.

Mwaka 1862 alirudi tena, safari hii akiongozana na Otto Kersten, mtaalamu wa kemia aliyekuwa hodari wa kupima nyota na hali ya hewa. Wakiwa mlimani mwishoni mwa mwaka huo, walifika takriban mita 4,300, na theluji ikawanyeshea wakiwa papo hapo. Kutoka hapo ubishi ulikuwa umekwisha, ingawa Cooley mwenyewe hakukubali kushindwa.

Nia ya kuendelea hadi kwa Wamaasai ilikwama, kwa kuwa wenyeji hawakuruhusu msafara wenye silaha upite. Katika mambo hayo baron hakuwa tofauti na wasafiri wenzake wa Kizungu. Alitegemea wapagazi na wakalimani wa pwani kwa kila hatua, alilipa hongo kwa wakuu wa nchi alizopita, na mara nyingine aliona kuwa ni haki yake kupita mahali ambapo wenye nchi hawakumtaka.

Mwaka 1864 chama cha jiografia cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu kwa kazi yake ya Kilimanjaro. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Mbawakawa na sandarusi

Pamoja na vipimo vya milima, msafara wa von der Decken ulikusanya viumbe. Ndege walichunwa ngozi, mimea ilikaushwa ndani ya karatasi, na wadudu wakahifadhiwa ili wavumilie safari ndefu ya bahari hadi Ujerumani. Kazi hiyo ilihitaji subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayemtaka mbawakawa wa samadi hana budi kupekua kinyesi na kuchimba udongo ulio chini yake.

Mbawakawa hao wamegawanyika makundi matatu kwa jinsi wanavyokitumia kinyesi. Wapo wanaokata tonge na kulivingirisha mbali kabla ya kulifukia. Wapo wanaochimba handaki moja kwa moja chini ya kinyesi na kukiteremsha humo. Wapo pia wanaoishi na kuzaa ndani ya kinyesi chenyewe bila kukihamisha. Jike hutaga yai ndani ya tonge alilolitengeneza, na buu akianguliwa hukuta chakula kikimsubiri.

Kuzitambua aina zake si kazi ya mara moja. Dundu wawili wanaofanana kwa rangi na kimo wanaweza kuwa wa aina mbili tofauti kabisa. Mtaalamu hutazama umbo la ukingo wa kichwa, idadi ya meno kwenye miguu ya mbele, mistari na vitone kwenye mbawa ngumu, pamoja na pembe za dume. Pembe nazo hupotosha, kwani madume ya aina moja yanaweza kuwa na pembe ndefu au vijipembe vidogo kulingana na chakula walichokipata wakiwa mabuu. Ndiyo maana mara nyingi wataalamu hulazimika kumpasua mdudu na kuchunguza kiungo chake cha uzazi, ambacho umbo lake hutofautiana baina ya aina na aina.

Kazi hiyo ya mezani ilimwangukia Adolf Gerstaecker, mtaalamu wa wadudu wa makumbusho ya Berlin aliyezaliwa mwaka 1828. Gerstaecker hakupata kufika Afrika Mashariki. Mwaka 1871 alichapisha makala ya awali kuhusu wadudu wa msafara wa von der Decken, na mwaka 1873 akatoa kitabu kizima chenye michoro ya rangi, ambacho kilikuwa sehemu ya mfululizo wa vitabu vya safari za baron huyo. Mmoja wa wale aliowapa majina mwaka 1871 ni mbawakawa mweusi mwenye kuvingirisha samadi, ambaye leo huitwa Scarabaeus catenatus.

Jambo moja katika makala hiyo ya 1871 linastahili kuangaliwa. Kichwa chake kiliwataja wadudu hao kuwa ni wa Zanzibar, ilhali wengi wao hawakutoka kisiwani. Walitoka Mombasa, Wanga, Taita, ziwa Jipe na miteremko ya Kilimanjaro.

Sababu ya mkanganyiko huo inaeleweka. Katika karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa bandari kuu na makao ya Sultani Majid bin Said, ambaye mamlaka yake yalienea katika miji ya pwani. Meli za Hamburg, Marseille na Salem zilipakia mizigo hapo, na kilichopakiwa Zanzibar kiliitwa cha Zanzibar. Sandarusi ni mfano mzuri. Utomvu huo mgumu ulichimbwa ardhini katika pwani ya bara, mahali palipoota misandarusi, lakini katika masoko ya dunia ulijulikana kama sandarusi ya Zanzibar. Ndani ya baadhi ya vipande vyake mlikuwamo wadudu walionaswa zamani, nao wakapewa uraia uleule wa kisiwani.

Kwa mfanyabiashara, kosa hilo halikuwa na madhara. Kwa anayetaka kumjua mdudu, lilikuwa pigo. Mbawakawa wa kichaka cha Taita hawezi kutafutwa mikarafuuni Unguja, na aliyefuata kibandiko chenye neno Zanzibar peke yake angeweza kutafuta maisha yake yote asimwone.

Hapo ndipo ubora wa kazi ya von der Decken na Kersten unapodhihirika. Ingawa kichwa cha makala kilisema Zanzibar, ndani ya kurasa Gerstaecker aliweza kutaja mahali walipopatikana wadudu wa msafara huo: ziwa Jipe, kilima cha Ndara, Uru, Wanga au Mbaramu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu waliokusanya waliandika. Mazoea yaleyale ya kupima mlima kwa nyota na kuandika kila kituo yalimfikia hata dundu wa samadi.

Meli iliyopita mbele ya Ngomeni

Baada ya Kilimanjaro, von der Decken alizuru visiwa vya bahari ya Hindi, vikiwamo Komoro na Réunion, kisha akarejea Ujerumani kujiandaa kwa safari kubwa zaidi. Mara hii alitaka kuingia bara kwa njia ya mito. Aliagiza meli mbili za mvuke, kubwa ikiitwa Welf na ndogo ikiitwa Passepartout. Vipande vya Welf vilisafirishwa hadi Zanzibar na kuunganishwa upya huko.

Barua zake za miaka hiyo ya mwisho zinaonyesha pia kwamba mawazo yake hayakuishia kwenye elimu. Alisikitika kuona Wajerumani hawana koloni katika pwani hiyo, na aliamini kwamba ingefanikiwa kama ingeanzishwa. Mwaka 1885, miaka 20 baada ya kifo chake, Ujerumani ilitangaza himaya yake katika sehemu za Tanganyika na Wito. Ramani alizochora kwa ajili ya elimu zilikuwa zimewafaa watu wenye shabaha nyingine.

Mwaka 1865 msafara uliondoka Zanzibar kuelekea kaskazini. Njia ya meli kutoka Mombasa kwenda Lamu na Kismayu hupita mbele ya Malindi, mji ambao wakati huo ulikuwa unafufuliwa kwa mashamba chini ya utawala wa Sultani Majid, kisha mbele ya Ras Ngomeni, ncha ya nchi kavu inayofungua ghuba ya Ungwana. Wazungu waliiita ghuba hiyo Formosa. Ng'ambo ya ghuba kuna Kipini, na mdomo wa mto Tana.

Nyuma ya mikoko na majangwa ya chumvi ya Ngomeni kulikuwa na misitu na vichaka ambavyo msafara huo haukuvigusa. Safari kuu za bara za von der Decken zilianzia Kilwa, Mombasa na Wanga, na ya mwisho ikafuata mto Juba. Hakuna hata moja iliyokata nchi iliyo kati ya hori ya Mida na mto Tana. Hivyo, wakati kitabu cha Gerstaecker kilipotoka, nyika ya Taita ilikuwa na orodha ya mbawakawa wake, ilhali misitu iliyo nyuma ya Malindi na Ngomeni ilikuwa bado kurasa tupu.

Kifo cha Bardera

Mkosi ulianza mapema. Passepartout ilizama kwenye mlango wa mto Juba, mahali ambapo mawimbi hupiga kwa nguvu juu ya fungu la mchanga. Welf iliharibika lakini ikatengenezwa, na msafara ukapanda mto hadi mji wa Bardera. Uhusiano na wenyeji haukuwa mzuri, na kupata chakula kulikuwa na matatizo.

Mwishoni mwa Septemba 1865, juu kidogo ya Bardera, Welf iligonga miamba katika maporomoko ikatoboka. Von der Decken pamoja na daktari wa msafara, Hermann Link, walirudi Bardera kutafuta msaada. Hawakuonekana tena na wenzao. Waliuawa siku za mwanzo za Oktoba. Wakati huohuo kambi iliyoachwa karibu na meli ilishambuliwa, na watu wengine wakapoteza maisha. Walionusurika waliteremka mto kwa mashua wakiongozwa na afisa von Schickh, na hatimaye wakafika Zanzibar kutoa habari.

Yale aliyoyahofia tangu safari ya Kilwa yalimfika mwenyewe. Sehemu kubwa ya mali ya msafara ilibaki katika meli iliyovunjika.

Familia yake haikukubali habari hizo bila uthibitisho. Mwaka 1866 ilimtuma Richard Brenner kuchunguza mazingira ya kifo hicho. Brenner alipita katika nchi ya ghuba ya Ungwana, akafika Wito kwa Sultani Ahmed Simba na kuzuru nchi ya Waoromo. Msafiri mwingine, Theodor Kinzelbach, alitumwa baadaye, akafia Mogadishu mwaka 1868.

Aliyeiokoa kazi ya marehemu ni Otto Kersten. Yeye hakuwamo katika safari ya Juba. Alikusanya madaftari yaliyosalia, akawaita wataalamu mbalimbali na kusimamia uchapishaji wa vitabu vya safari za baron kati ya mwaka 1869 na 1879. Ndege walieleza wao, wanyama walieleza wengine, na wadudu wakabaki mikononi mwa Gerstaecker, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Greifswald hadi alipofariki mwaka 1895.

Kurasa zilizobaki tupu

Pwani ya kaskazini ilifikiwa na wengine baadaye. Daktari Gustav Adolf Fischer, ambaye mnara wa mwamba wa Hell's Gate karibu na Naivasha una jina lake, alifika Wito na kupanda mto Tana mwaka 1877 na 1878. Ndege alizozikusanya ziliwapa wataalamu wa Berlin aina mpya kadhaa.

Lakini mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa neno mahali ni ule wa mnana wa Clarke, ndege mdogo wa rangi ya manjano na nyeusi ambaye hapatikani popote duniani ila Kaunti ya Kilifi. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1913. Kwa miaka mia moja wataalamu walimfahamu kwa sura, wakamwona katika miti ya Arabuko-Sokoke, lakini hawakujua anakojenga viota. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipogunduliwa, si ndani ya Arabuko-Sokoke, bali katika eneo lenye maji la msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, katika wilaya ileile ya Magarini ilimo Ngomeni.

Ugunduzi huo ulibadilisha hoja nzima ya uhifadhi. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ni msitu wa serikali unaolindwa. Dakatcha haukuwa na ulinzi kama huo, na kwa miaka mingi umekatwa kwa ajili ya makaa na mashamba. Karibu na mwaka 2010 ulikuwapo hata mpango wa kufyeka sehemu yake kubwa ili kupanda mibono ya kutengeneza mafuta ya magari, mpango ambao baada ya upinzani mkali haukutekelezwa. Kama ungetekelezwa, huenda ndege huyo angepoteza makazi yake kabla hayajajulikana.

Hali ya mbawakawa wa samadi wa msituni ni nyeti zaidi. Ndege huruka juu ya shamba lililofyekwa akaufikia msitu wa pili. Mbawakawa aliyezoea kivuli na udongo wenye unyevu mara nyingi haendi mbali na miti. Ukingo wa msitu kwake ni kama ukuta.

Aidha, mbawakawa hawa huchagua udongo. Katika Arabuko-Sokoke pekee kuna sehemu tatu zilizo tofauti: msitu wa miti mchanganyiko yenye mibambakofi na misandarusi, msitu wa mirihi unaoota kwenye mchanga mweupe, na kichaka kizito cha miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Anayechimba handaki kwa urahisi katika mchanga anaweza kushindwa katika ardhi ngumu. Kwa hiyo, kusema kwamba mbawakawa fulani ametoka Arabuko-Sokoke bado ni kusema kidogo, na kusema ametoka Malindi ni karibu sawa na kurudi katika kosa la Zanzibar.

Wala faida ya mdudu huyo si hadithi ya vitabuni. Akifukia kinyesi, huingiza mbolea ardhini na kuinyima inzi mahali pa kuzalia. Pamoja na kinyesi hufukia mbegu ambazo ndovu, nyani na kima wamezimeza pamoja na matunda, na baadhi yake huota zikiwa zimekingwa na panya. Mkulima anayelalamikia ardhi iliyochoka na mfugaji anayesumbuliwa na inzi wote wana deni kwa kiumbe ambaye hawamjui kwa jina.

Njia ya kumtafuta leo ni rahisi kuliko enzi ya baron. Watafiti hufukia ndoo hadi mdomo wake ulingane na ardhi, wakaning'iniza kinyesi juu yake na kurejea asubuhi. Chombo cha mkononi husoma mahali kwa setilaiti, na chembechembe za urithi husaidia kutenganisha aina zinazofanana. Ngomeni yenyewe ina historia katika mambo ya anga, kwani kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha roketi za kubeba setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya kijiji hicho. Vijana wa Ngomeni na Marafa wanaosoma biolojia wana vyombo ambavyo von der Decken asingeviota. Wanayo pia lugha ya wenye nchi na uhuru wa kuingia msituni bila kulipa hongo.

Wanachohitaji kukiiga kwake ni kile kidogo alichokisisitiza tangu karatasi za Roscher zilipompotea. Sehemu kubwa ya mbawakawa wa msafara wake imehifadhiwa Berlin hadi leo. Kwa sababu mahali walipookotwa paliandikwa, mtu anaweza kuondoka Voi asubuhi, akafika ziwa Jipe na kutafuta kama wazao wao wangalipo. Msitu wa nyuma ya Ngomeni nao unahitaji kuandikwa hivyohivyo, mti kwa mti na udongo kwa udongo, kabla shoka halijatangulia.